Chokaa ya Luilu: maji gani yalistahili kusafishwa?



Hapa Kolwezi kuna swali ambalo mtoto analijua kabla hajajua kusoma: "Mama, hii mayi ni ya kunywa ao ya kufulia?" Bidoni ya njano ni ileile, na mara nyingi rangi ya maji ni ileile. Jibu linabadilika kulingana na mahali yalikotoka: bomba la Regideso, kisima cha jirani, foraji ya kanisa, ao mto.

Sisi tuliosoma tunajibu kwa kujiamini: yapelekwe labo. Sawa. Ila labo inapima kile ilichoambiwa kupima. Nyuma ya kila karatasi ya matokeo kuna mtu aliyewahi kuamua kwamba kitu hiki kipimwe na kile kiachwe, kwamba maji haya yasafishwe na yale yaachiwe mfereji. Katika inchi yetu ya shaba maamuzi hayo yana historia ya karibu miaka mia moja. Naileta hapa kwa sababu nimechoka na ule msemo unaorudi kila mara tukizungumza maji: eti teknolojia hatuna. Teknolojia tulikuwa nayo. Ilianza Likasi, ikaja Luilu, na baba zetu walifanya nayo kazi usiku na mchana.

Nianze na neno lenyewe. Miaka hii wahandisi wa maji wanaandika sana juu ya "vichafuzi vinavyoibuka". Si lazima kiwe kitu kipya duniani. Ni kitu kilichomo ndani ya maji ambacho sheria nyingi hazijakiwekea kiwango, vipimo vya kawaida havikitafuti, na mitambo ya kawaida ya kusafisha maji haikujengwa kwa ajili yake. Hapo wanatia mabaki ya dawa tunazomeza kisha tunazikojoa, homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, sumu za wadudu, na ile familia ya kemikali za florini inayoitwa PFAS, ambayo iko kwenye sufuria zisizoshika chakula na kwenye povu la kuzimia moto. Ukisikia orodha hiyo unasema: hayo ni mambo ya Ulaya. Wengi wetu tunaishia hapo, tunarudi kwenye topografia na uchimbaji.

Sasa tazama orodha yenyewe vizuri. Kati ya 2013 na 2015 serikali ya Marekani iliamuru mashirika ya maji ya miji yake yatafute vitu 30 ambavyo havikuwa na kiwango cha kisheria, ili ijulikane vimeenea namna gani. Ndani yake mlikuwa na PFAS sita, homoni saba, virusi viwili. Na katika mstari mmoja, kati ya metali chache, ilikuwemo kobalti.

Kobalti yetu! Kule iliwekwa pamoja na homoni na PFAS, kitu cha kuchunguzwa kwa sababu huenda kipo. Huku imo kwenye vumbi la barabara. Mwongozo wa maji ya kunywa wa Shirika la Afya Duniani unatoa kiwango cha shaba, miligramu 2 kwa lita, na cha uranium, mikrogramu 30 kwa lita. Kobalti haina kiwango chake humo. Kwa hiyo mto Musonoi unaijua kobalti tangu zamani, na kitabu cha sheria bado kinaiangalia kama mgeni. Hii si ajabu ndogo, na inaelezeka tu ukirudi nyuma.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mwanzoni kazi yake ilikuwa ya moto. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mawe tajiri ya shaba. Mawe tajiri yana tabia ya kuisha. Yaliyobaki yalikuwa na shaba kidogo zaidi, ya kijani, isiyopenda tanuru, na kwa ajili yake kampuni ilijenga kiwanda cha Shituru, Jadotville, yaani Likasi ya leo. Kilianza mwaka 1929.

Shituru ni kiwanda cha maji tangu mlangoni mpaka nyuma. Mawe yaliyosagwa yanatiwa katika asidi ya sulfuriki. Shaba inayeyuka, maji yanakuwa ya bluu. Umeme unapitishwa ndani yake na shaba inajishika kwenye bamba, safi kabisa, tayari kwa meli. Mpaka hapo kila mtoto wa Gécamines anaijua hadithi hii. Kinachosahaulika ni shida iliyofuata. Asidi haichagui. Pamoja na shaba inayeyusha chuma, aluminiamu, manganizi, na kobalti, na maji yakizunguka mara nyingi takataka hizi zinajaa mpaka zinaharibu shaba yenyewe. Ilibidi sehemu ya maji hayo itolewe pembeni na isafishwe.

Wakatumia chokaa. Mawe ya chokaa yalikuwa karibu, Kakontwe, hapohapo Likasi. Chokaa inapandisha pH, na kila metali ina ngazi yake ya kushuka. Chuma kilichooksidishwa kinageuka tope karibu na pH 3 na nusu. Aluminiamu inafuata kati ya 4 na 5. Shaba inaondoka karibu na 6. Kobalti inakaa tu majini, kimya, mpaka uvuke 8. Manganizi ni kaidi zaidi, inadai 9 ao 10. Shikeni ngazi hii, tutaihitaji tena.

Luilu, kiwanda chetu, ilianza mwaka 1960, mwaka wa uhuru, ikiwa na njia hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Maji yaliyotolewa pembeni yalipandishwa ngazi hatua kwa hatua: kwanza chuma na aluminiamu zishuke, zichujwe, zitupwe, halafu shaba ishuke, irudishwe mwanzo, halafu maziwa ya chokaa yaongezwe mpaka kobalti yenyewe ishuke kama hidroksidi. Ile ilichukuliwa, ikayeyushwa upya, ikapitishiwa umeme, ikauzwa. Leo viwanda vingi vya Lualaba vinaishia katikati ya njia hiyo: vinaishusha kobalti, vinaikausha kiasi, vinaitia kwenye mifuko mikubwa, na hidroksidi inapanda lori kwenda bandarini na mwisho China.

Mpe mhandisi wa maji mchoro wa mtambo wa kobalti wa Luilu bila kumwambia ni wa nini. Atakuambia: huu ni mtambo wa kusafisha maji taka yenye metali. Atakuwa amesema kweli. Matangi ni yale, chokaa ni ile, mita ya pH ni ileile. Tofauti iko kwenye bei. Maji yenye gramu kadhaa za kobalti kwa lita yaliitwa suluhisho, yakapewa matangi, pampu, vichujio na mkemia wa zamu. Maji yenye miligramu kadhaa kwa lita yaliitwa maji taka, yakapewa mfereji. Kemia ya kuyasafisha ilikuwa moja, na watu walioijua walikuwa wanakula kwenye kantini moja.

Kabla sijafika kwenye mfereji, niseme kidogo juu ya mawese, maana wengi hawaijui hii. Konsantrateri ya Kolwezi ilianza kazi mwaka 1941. Kazi yake ni kutenga chembe zenye shaba na mchanga usio na kitu, kwa mapovu. Ili chembe ishike povu inabidi ivalishwe kitu kinachochukia maji. Kwa mawe ya sulfidi walitumia zantati, kemikali inayotengenezwa kwa pombe na salfaidi ya kaboni, ile yenye harufu ya kabichi iliyooza. Kwa malakiti, lile jiwe la kijani tunalolijua wote, walitumia mafuta ya mawese yaliyovunjwa na kuchanganywa na mafuta ya mashine. Ndiyo, mawese. Wanafunzi wa metalurjia duniani kote wanakutana na Kolwezi kwenye vitabu vyao kwa sababu ya mawese hayo.

Lakini malakiti haikunaswa yote. Sehemu kubwa ilipita na tope, na tope lilipelekwa Kingamyambo na katika bonde la Musonoi, mwaka baada ya mwaka. Nusu karne baadaye makampuni yalipokuja kupima lile tope, hesabu ilitoka tani milioni 112.8, zenye shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya tani milioni 1.6 za shaba na zaidi ya tani 360,000 za kobalti, zimelala mtoni. Kuna migodi duniani inayofunguliwa kwa mawe maskini kuliko tope hilo. Ndiyo maana liligombaniwa: First Quantum waliushika mradi, serikali ikafuta mkataba mwaka 2009, ukapita mikononi mwa ENRC, na mwisho wa 2018 kiwanda cha Metalkol kilianza kuzalisha kwa kulirusha tope lile na mabomba ya maji yenye nguvu na kulipeleka kwenye asidi.

Ona kilichotokea. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesafisha bonde la Musonoi. Bei ya kobalti ilipopanda kwa sababu ya betri, likaanza kusafishwa, ila halikuitwa kusafishwa, liliitwa uzalishaji. Silaumu kwa hilo. Mimi nafurahi tope likipungua mtoni, hata kama ni kwa sababu ya simu za watu. Nasema tu kwamba bei ndiyo iliyochora mstari, na upande wa pili wa mstari kulikuwa na watu wanaofua.

Turudi kwenye mfereji. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukaanguka, halafu mambo mengine yote yakaanguka nyuma yake. Miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata sehemu ya kumi ya ule. Kiwanda kikifa njaa, kitu cha kwanza kinachokatwa ni kile kisicholeta pesa wiki hiyo: chokaa ya maji taka, ukarabati wa mabwawa ya tope, vipimo vya mto. Kisha 2003 ikaja ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi 10,655 wakapewa pesa kidogo wakaenda nyumbani. Tunazoea kuihesabu kwa familia zilizokosa shule na hospitali, na ni haki. Mimi naihesabu pia kwa njia nyingine: walioondoka walikuwemo wakemia wa zamu, watu walioweza kukuambia pH ya tangi kwa kuangalia rangi ya tope. Ujuzi ule haukuandikwa kwenye memwari yoyote. Ulienda kulima mahindi.

Mwaka 2009 ndipo namba za kwanza za kutisha zilitoka, na hazikutoka mtoni, zilitoka kwenye mikojo. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji akiwemo Benoit Nemery, kilipima mikojo ya watu 351 wa Katanga, watoto wakiwemo. Waandishi walisema kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote, yaani watu wasiofanya kazi ya kobalti. Mwaka 2018 kikundi hicho kilirudi na matokeo ya Kasulo, pale watu walipochimba ndani ya viwanja vya nyumba zao: kobalti nyingi kwenye mkojo na damu, hasa kwa watoto, na dalili za kuharibika kwa DNA.

Hapa lazima tuwe waaminifu, maana kuna mtu atakimbilia kuandika kwamba "maji ya Kolwezi yana sumu" na kupata likes. Utafiti wa njia ambazo kobalti inaingilia mwilini ulionyesha kwamba vumbi na chakula vinabeba mzigo mkubwa kuliko maji ya kunywa. Lakini chakula kinapata wapi kobalti? Lengalenga inanyweshwa. Samaki anaishi ndani yake. Maji ya mito yetu mwisho wake ni Lualaba. Maji ambayo hukuyanywa unaweza kuyala.

Na kobalti si kitu cha kuchezea, ingawa mwili unahitaji chembe yake ndani ya vitamini B12. Dunia ilijifunza hilo kwa njia ya ajabu: katikati ya miaka ya 1960, huko Québec, Kanada, kiwanda kimoja kilitia chumvi ya kobalti kwenye bia ili povu likae. Wanywaji wakubwa wakaanza kuugua moyo, na watu wapatao 20 wakafa. Wengi wao walikuwa wanakunywa sana na kula vibaya, na madaktari walidhani kobalti na njaa ya protini vilisaidiana. Nakumbuka sentensi hiyo kila nikiona mtoto wa Kasulo mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

Mwaka 2012 Luilu yenyewe ilifika kwenye televisheni ya Uingereza. Mashirika ya RAID, Bread for All na Fastenopfer yalitoa ripoti juu ya maji ya asidi kutoka kiwandani kuingia mto Luilu, na waandishi wa BBC wakapima pH 1.9. Kampuni iliyokuwa inaendesha kiwanda ilijibu kwamba tatizo lilirithiwa kutoka miongo iliyopita na kwamba umwagaji umeshasimamishwa. Mwaka uliofuata Emmanuel Atibu na wenzake wakachapisha vipimo vya Luilu na Musonoi, maji na tope la chini, vikiwa na shaba na kobalti kwa wingi.

Sasa rudini kwenye ngazi ya pH. Watu wote waliopiga kelele mwaka ule walidai kitu kimoja: asidi iondoke. Ni dai la haki. Lakini mhandisi lazima asikie kilichokosekana. Ukitia chokaa mpaka pH 7, asidi imekwisha, chuma kimeshuka, shaba karibu yote imeshuka, maji yanang'aa. Samaki mmoja mmoja anaweza hata kurudi. Ila kobalti inadai kuvuka 8, na manganizi zaidi ya hapo. Maji safi kwa macho, pH nzuri kwenye karatasi, na metali mbili zimepita mlangoni zikiwa zimevaa suti. Salfeti nayo imepita, maana chokaa inaweza kuipunguza mpaka karibu gramu moja na nusu kwa lita tu, halafu jasi inakataa kushuka zaidi. Kwa hiyo swali "je, maji yamesafishwa?" halina maana mpaka useme: yamesafishwa kutoka nini, mpaka ngazi gani?

Kitu hichohicho kimeonekana kwa majirani juzijuzi. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la tope la asidi la mgodi mmoja karibu na Chambishi, Zambia, lilipasuka, maji yakaingia mto Mwambashi na kisha Kafue. Mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Serikali ilifanya nini? Ilimwaga chokaa mtoni, kwa mashua na kwa ndege za jeshi. Shituru walianza kwa chokaa mwaka 1929, na karibu miaka mia baadaye ukanda mzima ukishikwa na dharura unakimbilia gunia lilelile. Silidharau hilo gunia. Pengine hakuna kitu kimoja kilichookoa mito mingi zaidi. Lakini kuna vitu ambavyo hata uvitilie mlima wa Kakontwe havishuki.

Vitu hivyo vimeongezeka kwetu tangu viwanda vipya vilipoanza kujengwa miaka ya 2000. Zamani Luilu ilisafisha maji ya shaba kwa chokaa na umeme. Viwanda vipya vinatumia uchujaji wa kiyeyusho: maji ya asidi yanakorogwa na kimiminika kama petroli ya taa chenye kemikali ya kaboni inayokamata shaba peke yake. Majirani wa Nchanga, Zambia, walikuwa na mtambo mkubwa wa namna hii tangu 1974, kwa hiyo njia si ngeni katika ukanda wetu. Ni njia nzuri sana. Lakini mafuta na maji vikikorogwa kila sekunde, matone madogo hubaki kwenye maji. Ongeza zantati za konsantrateri. Ongeza hospitali, famasi za kila kona, na mji uliojaa watu haraka kuliko vyoo vyake. Hakuna hata kimoja cha hivi kinachosikia chokaa. Si metali, havina ngazi.

Wenzetu wameanza kupima. Nairobi na Kisumu, K'Oreje na wenzake walikuta dawa kwenye mito na maji taka, zikiwemo antibiotiki na dawa za virusi vya UKIMWI. Kinshasa, utafiti uliotoka 2016 ulifuata maji taka ya hospitali mpaka kwenye mito ya mji na kukuta metali pamoja na jeni zinazozifanya bakteria zishinde dawa. Hiyo ya Kinshasa inatugusa kuliko inavyoonekana. Bakteria inayoishi kwenye maji yenye shaba nyingi inajifunza kusukuma metali nje ya mwili wake, na mara nyingi jeni za kazi hiyo zinasafiri pamoja na zile za kushinda antibiotiki. Fikirini mji ambao mto wake una shaba na kobalti, na ambako kila mtu ananunua amoksisilini bila karatasi ya daktari. Njo Kolwezi hiyo.

Kwa vitu hivi vya kaboni, silaha ya zamani na ya bei ndogo kuliko ozoni na membreni ni makala. Si makala ya kupikia kama yalivyo. Makala yaliyoamilishwa kwa mvuke wa joto la nyuzi 800 na zaidi, ao kwa kemikali, mpaka yajae vitundu ambavyo jicho halivioni. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba zaidi ya 500, zaidi ya kiwanja cha mpira wa kikapu. Zantati inashikwa humo, matone ya mafuta yanashikwa, dawa nyingi zinashikwa. Maganda magumu ya mbegu za mawese ni kati ya malighafi zilizojaribiwa sana duniani kwa kazi hiyo, na yanatoa makala mazuri. Lakini makala hujaa. Yakijaa inabidi yachomwe upya ao yatupwe, na ukiyatupa pembeni ya mto umehamisha shida kutoka kwenye maji kwenda kwenye udongo. Tope la chokaa ni hivyohivyo. Ndiyo maana sipendi memwari zinazoishia na "asilimia 98 iliondolewa" bila kusema ilipelekwa wapi.

Bon, nafika kwa wewe unayetafuta mada mwaka huu, UNILU, UNIKOL, ISTA, popote. Najua mada zinazovutia: kuongeza uchotaji wa kobalti kwa asilimia mbili, maana hapo kuna stage, kuna kampuni, kuna kazi baadaye. Sikulaumu, mimi pia nililipa karo. Ila kuna mada ambayo haihitaji mashine ya Ulaya. Chukua maji ya Musonoi sehemu tatu, juu ya mji, katikati, na kabla hayajaingia Lualaba, mara moja kiangazi na mara moja wakati wa mvua. Vaa glovu. Yachuje siku hiyohiyo. Kisha ndani ya biker sita yapandishe kwa chokaa: 6, 7, 8, 8 na nusu, 9, 10. Pima kobalti na manganizi zilizobaki kila ngazi, andika chokaa iliyotumika kwa lita, pima uzito wa tope, na tope lenyewe lipime kobalti yake. Namba hiyo ya mwisho usiiache. Ikitoka nzuri, kuna mtu kwenye kiwanda atakayeisoma kwanza kabla ya jury yako.

Rudia na makala kwenye maji yaliyobaki, kama labo yako inaweza kupima kaboni. Na maji ya kituo cha katikati, pale akina mama wanapofulia, uyachukue asubuhi mapema kabla sabuni haijaingia, la sivyo utatumia miezi miwili kueleza povu.